Redio Niliyomfungulia Mama

Mama yangu akitaka kitu, afadhali umpe tu. Ukimnyima leo, kesho atakujia kutokea upande mwingine, na keshokutwa utajikuta umeshakubali na wala hukumbuki ulikubali saa ngapi. Ndivyo ilivyokuwa kwa ile redio.

Mimi ni fundi wa redio, Arua mjini. Ni mwanamke, ndiyo. Wateja wageni wakifika kibandani bado huniuliza fundi yuko wapi, nami huwajibu ametoka kunywa chai, wakae wamngoje. Nawaacha wakae. Kazi nilifundishwa na baba, ambaye alikuwa mtu wa redio jeshini na hakuwahi kuona kwa nini mtoto wa kike asiungue vidole kama mtoto mwingine yeyote. Baba alikuwa Mlugbara wa Ayivu, mama ni Mkakwa wa Koboko, na nyumba yetu ilikutania katikati, kwenye Kiswahili cha kambini, kile ambacho watu wa pwani wakikisikia hushika vichwa. Baba alipofariki mama alirudi kwao Koboko, akajenga penye mwinuko, na mdogo wangu akaenda kukaa naye. Tulizaliwa wawili tu, mimi na yeye.

Mdogo wangu alikuwa dereva wa lori. Kila safari alipakia Koboko, akavuka mpaka pale Oraba, akaingia Kaya, kisha akapotelea kwenye ile barabara ya vilima ya Sudan Kusini. Ukishaipita Kaya, simu ni ya kutazamia saa tu. Kwa hiyo akiondoka, ameondoka. Mama alikuwa akikaa mlangoni na kushtukia kila injini. Nilimshauri asali, akasema anasali. Nilimshauri amwoze mtoto wake mke ili wawe wawili wa kungoja, akasema mtoto ameshaoa lori. Mwisho akanipigia simu.

"Nasikia madereva iko na redio ndani ya gari," akasema. "Wanaongea wao kwa wao huko njiani."

"Wanazo, mama."

"Baba yako alisikia Nairobi akiwa porini, na waya ya kuanikia nguo. Wewe unashindwa kusikilisha mimi Kaya?"

Haya. Nifanyeje mimi?

Kulikuwa na shirika moja la misaada lililofunga ofisi yake na kupiga mnada vitu: viti, jenereta, vyandarua, na kati ya takataka hizo skana moja kuukuu. Skana ni redio ya kupokea peke yake. Inapekua mawimbi, moja baada ya jingine, mpaka ikute mtu anazungumza, halafu inasimama hapo na kumsikiliza. Yenyewe haina pa kusemea. Tangu naipeleka nyumbani jambo hilo lilinikaa vibaya moyoni, kuwa na kitu kinachosikia tu.

Kiwandani walikuwa wameipa mipaka. Chini ya namba fulani ilikuwa kiziwi, na madereva walizungumza huko chini kabisa, kwa redio za zamani zilizong'olewa kwenye teksi za Kampala. Basi nikaifungua tumbo. Kwenye bodi kuna diodi ndogo kama punje ya mtama, kazi yake ni kuiambia redio mwisho wako ni hapa. Nikaing'oa. Kisha nikaitoa koili ya mwanzo, ile inayopokea kutoka kwenye antena, nikaisuka upya kwa waya mrefu zaidi, maana koili ukiiongezea mizunguko masikio yake hushuka. Antena nikaifunga juu ya mwanzi nyuma ya jiko la mama. Tukawasha. Ikakoroma, ikapekua, ikasimama, na mwanamume mmoja akasema kwa Kiarabu cha Juba kwamba tairi lake limepasuka na aliyemuuzia alaaniwe yeye na ukoo wake. Mama akapiga makofi kama mtoto.

Lakini redio ukiitoa nje ya mipaka yake, nayo hulipiza. Huanza kuona vivuli. Mtu anazungumza kwenye namba yake, na wewe unamkuta pia kwenye namba nyingine ambako hayupo kabisa. Mafundi wote tunalijua hilo. Mama hakulijua, na haikuchukua muda akanipigia, sauti iko chini.

"Nimesikia mtoto kwa namba ingine. Ile namba hakuna mutu. Kimya tu. Halafu yeye peke yake anaongea huko ndani."

Nikacheka. Nikamweleza habari ya vivuli, kwa madaha, kama mwalimu. "Kivuli kinadanganya mahali tu, mama. Sauti ni ileile."

"Mutu hapana acha kivuli yake mahali hajaenda," akasema, akakata simu. Nilicheka tena, nikiwa peke yangu kibandani, lakini kicheko cha pili hakikutoka vizuri.

Madereva wa njia ile hawatajani majina hewani. Huwezi kujua nani mwingine anasikiliza. Kila mmoja huitwa kwa mzigo wake wa kwanza, na jina hilo humganda hata akibadilisha mzigo miaka yote: kuna Saruji, kuna Unga, kuna Mabati. Mdogo wangu alikuwa Sabuni. Alipojua kwamba mama anamsikia alikasirika kwanza, akasema sasa hawezi hata kutukana. Baadaye akambunia mama kitu. Akirudi, akifika kilima cha mwisho kabla ya Kaya, hushika kile kipaza sauti na kubonyeza mara mbili bila kusema neno. Tk, tk. Kwenye skana mkoromo ulikatika mara mbili, basi. Madereva wengine hawakuwa na habari. Lakini mama, akisikia hivyo, huinuka popote alipo na kubandika maji motoni, maana mtoto wake atafika na vumbi na atataka kuoga. Maji hayo yalikuwa yakichemka hata kabla lori halijafika forodhani Oraba.

Habari ikasambaa, kama kawaida ya Koboko. Akaja mke wa Unga, akaja mama yake Mabati, akaja mke wa Saruji aliyekaa uzio wa pili kutoka kwetu, mwanamke wa kicheko kikubwa. Mchana walijaa uani kwa mama, kila mmoja na kigoda chake na muhogo wake wa kumenya, redio ikiwa dirishani imewageukia. Nikienda kuwatembelea hunipokea kwa kelele: "Fundi ametoka kunywa chai! Kaeni mumngoje!" Mama ndiye aliyekuwa amewapa kisa hicho. Nami nilipenda kwenda pale, sisemi uongo. Nilipenda kuona kazi ya mikono yangu imewakalisha wanawake pamoja.

Ila palikuwa na nyakati redio iliteleza yenyewe ikaenda kusimama kwa watu wengine. Si madereva. Wanaume wanaozungumza polepole, wanaouliza maji ya mto yamefika wapi leo, nani amepita, na walikuwa wangapi. Hawakucheka hata siku moja. Wanawake walikuwa wakiacha kumenya, visu vimesimama, mpaka mama arudishe namba. Hakuna aliyeuliza ni akina nani. Mimi mwenyewe, niliyewafungulia mlango huo, sikuuliza.

Sasa nieleze jambo moja la kwetu. Habari ya kifo haipigwi simu, na haitupwi kwa mtu kama ganda la ndizi. Inaletwa kwa miguu. Anakuja mzee wa ukoo, na mwanamke mmoja wa makamo, na wengine nyuma yao. Wanasimama penye uzio wanaomba maji ya kunywa. Wanakunywa. Wanakaa. Ndipo linasemwa. Na kabla hawajafika, majirani waliokwisha kujua huhakikisha kwamba mwenye msiba amekula, kwa sababu wanajua baada ya hapo hatakula tena kwa muda mrefu.

Nilikuwepo siku redio ilipoleta habari ya Saruji. Ilikuwa mchana, jua kali, na mke wake alikuwa akituchekesha kuhusu mbuzi aliyekula leso yake ya kanisani. Sauti ya Mabati ikaingia. Ikasema Saruji amegonga daraja, gari liko chini, wamemtoa. Halafu ikasema, "Amekwisha, jamani. Saruji amekwisha."

Ee Mungu wangu. Hakuna aliyesogea. Mama alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio mpaka ikafa. Mke wa Saruji alikuwa na kisu kwenye muhogo, ganda limening'inia nusu.

"Wamesema nani?" akauliza. Alikuwa amesikia. Sote tulikuwa tumesikia.

"Redio iko na makelele leo," mama akamjibu taratibu. "Menya muhogo, mama."

Naye akamenya. Hilo ndilo lililonishangaza na linanishangaza mpaka leo: akamenya. Mama akampakulia ugali wa muhogo na maharagwe yenye simsim, ule ufuta wa kusaga, akala, na wanawake wote wakaendelea kumenya na kuzungumza mambo ya bei ya chumvi, macho chini. Yule mwanamke alikuwa mjane katikati yetu, na yeye anajua, na sisi tunajua, na tunazungumza habari ya chumvi. Jua lilipopoa wakaja watu. Mzee wa ukoo wa mume wake akaomba maji. Hapo ndipo mke wa Saruji alipopiga ukelele, hata mzee hajameza, na wanawake wote waliinuka wakati mmoja wakamdaka.

Kwenye namba ya madereva siku hiyo hakuna aliyezungumza tena. Ndiyo heshima yao. Mwenzao akifa wanaiacha namba kimya mpaka jua la kesho yake lizame.

Mimi nilikasirika, nikakasirika kweli. Wageni walipotawanyika nikamwandama mama jikoni. Nikamwambia huo ni ukatili, kumlisha mtu ugali huku mnajua mume wake amelala darajani. Nikamwambia dunia imebadilika, mambo ya kuombana maji yamepitwa na wakati.

Mama alikuwa akisugua sufuria. "Habari ya mutu kufa haiwezi kuja peke yake," akasema. "Lazima iko na mikono ya kushika wewe. Hii redio yako haina mikono."

"Basi mimi siku yangu ikifika mniambie papo hapo. Mnasikia? Msinilishe ugali!"

"Kelele," mama akasema. "Kunywa chai yako."

Mke wa Saruji hakukanyaga tena uani kwetu. Akipita njiani alikuwa akigeuza uso upande usio na dirisha. Nilimwomba mama anirudishie ile redio. Nilimwambia wazi kwamba naiogopa, kwamba mdogo wangu yuko barabarani, na kwamba kitu kilichosema Saruji kinaweza kusema chochote. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Akasema kusikia kunaua, lakini kutosikia kunaua polepole zaidi, na yeye ameshachagua.

Majira ya mvua yakapita, barabara ikakauka, mdogo wangu akaenda na kurudi, na mibonyezo miwili ikaja kila safari. Mara ya mwisho kuonana naye alipitia kibandani kwangu Arua kuchukua vipuri. Akajifanya mteja, akauliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ametoka kunywa chai. Akasema basi mwambieni ndugu yake ana njaa. Tukala chapati tumesimama, akaniibia kipande changu kama alivyokuwa akifanya tangu tukiwa watoto kule Awindiri, akaondoka anakimbia ili nisimfikie.

Halafu asubuhi moja mama akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Redio imeharibika. Njoo na vyombo yako."

"Mama, nina kazi hapa mpaka shingoni. Nitakuja Jumamosi."

"Njoo leo."

"Imefanya nini, lakini? Umeidondosha?"

"Njoo uone mwenyewe."

Nikalalamika njia nzima. Nilikuwa nimeacha kazi za watu mezani, nimebeba chuma cha kulehemu na koili za akiba, najisemea kwamba mama huyu ananitesa kwa ajili ya kinyuzi kilichokatika. Nilifika Koboko nimenuna.

Uani walikuwepo wanawake, kuliko siku zote. Wanamenya. Nikasimama kidogo nikingoja wanipokee na chai yao ya fundi. Hakuna aliyesema hivyo. Wakanisalimu mmoja mmoja, taratibu, "Karibu, mama. Pole na safari." Mmoja akainuka akanipokea mfuko begani. Nilipomtazama nikaona ni mke wa Saruji.

Nikasema moyoni, kumbe amerudi, afadhali. Nikatazama jikoni nikaona moto mkubwa na maji juu yake, na moyo wangu ukaruka kwa furaha.

"Kumbe amebonyeza!" nikamwambia mama. "Yuko karibu?"

"Amebonyeza," mama akasema.

Nikacheka. Nikasema huyo leo atanilipa chapati yangu. Ndipo nikaona kwamba maji hayakuwa kwenye ndoo yake ya siku zote. Yalikuwa kwenye sufuria kubwa la kanisa, lile la kuazima, la kupikia watu wengi. Nikaliona, na akili yangu ikakataa kulitazama. Nikageukia dirishani nikaichukua redio.

Niliifungua nikiwa nimekaa chini, bisibisi mkononi. Betri nzima. Koili yangu iko palepale, imara. Antena imeshika. Nikaiwasha, ikakoroma vizuri, haina ugonjwa wowote. Nikaiweka kwenye namba ya madereva. Kimya. Nikangoja. Mchana kweupe, barabara kavu, siku ya malori, na hakuna hata mmoja aliyesema neno.

"Redio hii ni nzima," nikasema. "Mbona hawazungumzi?"

Visu viliendelea kumenya. Mama akaja na birika na beseni, akaninawisha mikono yeye mwenyewe, kidole kwa kidole. Akaweka mbele yangu ugali wa muhogo na maharagwe yenye simsim.

"Kula kwanza," akasema.

"Sina njaa."

"Kula, mwanangu. Watu iko njiani."

Nikamshika kanga. Nikamwuliza amemsikia kwenye namba gani. Nikamwambia ile redio nimeichokoa mimi, naijua, ni mwongo, inaona vivuli, inaweza kuwa ni mtu mwingine, mahali pengine, gari lingine kabisa. Nilisema haraka haraka na kila neno nililiamini.

"Kivuli inadanganya mahali tu," mama akasema polepole. "Sauti ni ileile. Wewe ndiye ulifundisha mimi."

Mengine alinieleza baada ya matanga. Kwamba jana yake mchana alikuwa peke yake na redio. Kwamba Sabuni aliingia hewani akiteremka kile kilima, akasema breki hakuna, akasema tena, bila kupiga kelele, breki hakuna. Halafu akabonyeza mara mbili. Halafu namba ikabaki tupu. Mama akaishika redio kwa mikono yote miwili akaiitia jina la mwanawe mdomoni, redio ambayo haina pa kusemea, mpaka majirani wakaja wakambandua vidole.

Lakini pale uani sikuyajua hayo, au niliyajua kama alivyojua mke wa Saruji. Yeye alikaa karibu nami hata goti lake likagusa langu. Akachukua muhogo, akaanza kumenya, akasema chumvi imepanda bei tena Oraba.

"Imepanda?" nikamwuliza.

"Imepanda sana."

Nikamega tonge. Nikachovya. Nikala. Nilikuwa nimesema wasinilishe, na nikala kama mtoto anayeogopa kuchapwa, nikimeza huku namtazama mama, naye akinitazama mdomo mpaka nimeze. Hakuna aliyeniharakisha. Redio ilikuwa bado inakoroma kwenye namba tupu, na mke wa Saruji akanyoosha mkono akaizima.

Miguu ikasikika njiani, mingi. Mzee wa ukoo wetu kutoka Ayivu akasimama penye uzio, kofia mkononi, akaomba maji ya kunywa. Nilikuwa na tonge bado kwenye vidole. Mama akalichukua, akalirudisha sahanini, akanishika mikono yote miwili.